Namna ya kuishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam bila kesi kuondolewa siku ya kwanza: mwongozo kamili

Swali linalorudi ni lile lile: "Nilifungua kesi, wakili wa serikali akasimama dakika tano, kesi ikaondolewa. Nilikosea wapi?"

Ukichimba, sababu huwa moja kati ya nne. Notisi haikupelekwa, au ilipelekwa kwa mmoja tu. Mwanasheria Mkuu wa Serikali hakuunganishwa. Kesi ilifunguliwa baraza la ardhi au mahakama ya wilaya. Au aliyeshtakiwa siye aliyetenda kosa. Yote manne hayagusi kabisa nani mwenye haki. Nyumba ilibomolewa kweli, gari liligonga kweli, mzabuni hakulipwa kweli, na bado mtu anarudi nyumbani na karatasi ya amri mkononi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa Dar es Salaam, lakini hatua zake zinafaa Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga na Dodoma pia. Sheria zinazotawala ni zile zile: Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, kama zilivyorekebishwa mwaka 2020. Zanzibar ina sheria zake, kwa hiyo usitumie mwongozo huu huko.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usiandike hata mstari mmoja wa notisi kabla hujavikusanya hivi:

- Kitambulisho cha Taifa, na anwani yako inayofanya kazi: simu, barua pepe, mtaa.
- Nyaraka za msingi wa dai: hati ya umiliki, leseni ya makazi au mkataba wa mauziano; mkataba wa zabuni na ankara; ripoti ya polisi ya ajali; hati za matibabu.
- Picha na video zenye tarehe. Ubomoaji ukifanyika asubuhi, kifusi kinaweza kuwa kimezolewa jioni.
- Kila barua uliyopokea au kuandika, hata ile ya mtendaji wa mtaa iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari.
- Majina na simu za mashahidi wawili watatu walioona kwa macho yao.
- Hesabu ya hasara, kila kitu na bei yake, pamoja na risiti. Kwa nyumba au ardhi, tafuta mthamini aliyesajiliwa.
- Daftari la tarehe. Hili watu wanalidharau, nami naliona muhimu kuliko picha. Andika siku tukio lilipotokea, siku ulipolalamika na siku ulipojibiwa.
- Fedha za kuchapa, kudurufu, kutuma kwa EMS, ada ya mahakama na nauli.

Tengeneza nakala tano za kila kitu. Nakala halisi hazitoki mikononi mwako mpaka siku ya ushahidi.

## Hatua ya 1: Hakikisha unamshtaki mwenye kosa

Hapa ndipo Dar es Salaam inapochanganya watu kuliko mji wowote nchini.

Februari 2021 iliyokuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Kwa hiyo leo "Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam" ni eneo la Wilaya ya Ilala: Kariakoo, Upanga, Gerezani, Segerea, Ukonga, Gongo la Mboto na kwingineko ndani ya wilaya hiyo. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni ni manispaa zinazojitegemea, kila moja na mkurugenzi wake na masjala yake. Mkazi wa Sinza akilishtaki Jiji, ameshtaki jirani. Hata akiishtaki Kinondoni kwa mazoea ya zamani amekosea, maana Sinza sasa iko Ubungo.

Ukishaijua halmashauri, jiulize kama jambo lenyewe ni lake. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu 2017, na barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Maji na majitaka ni DAWASA. Mabasi yaendayo haraka yana wakala wake, DART. Soko kuu la Kariakoo lina shirika lake. Kinachobaki kwa halmashauri ni taka, vibali vya ujenzi, leseni na ushuru wake, sheria ndogo, masoko mengine, shule za msingi na sekondari za serikali, vituo vya afya, mipango miji ya eneo lake, na mikataba iliyosaini yenyewe.

Kama ni gari, tazama namba. Magari ya serikali za mitaa hubeba namba zinazoanza na SM. Ukiona STK au nyingine za serikali kuu, mdaiwa wako ni mwingine.

Kama amri ya kubomoa ilitoka kwa Mkuu wa Wilaya, huyo ni serikali kuu, hata kama mgambo waliokuja ni wa halmashauri. Katika hali hiyo wataje wote wawili.

Onyo. Usimshtaki "Mkurugenzi wa Jiji" peke yake, wala "Serikali ya Mtaa". Chombo chenye uwezo wa kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake ni halmashauri. Mtendaji wa mtaa au wa kata ni mtumishi wake, na kosa alilofanya kazini ni la mwajiri.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja bila kusita: "Halmashauri fulani, kupitia mtumishi au wakala wake fulani, tarehe fulani, ilifanya jambo fulani ambalo hairuhusiwi kulifanya."

## Hatua ya 2: Chagua njia, kisha hesabu muda

Kuna njia mbili kuu, na kila moja ina saa yake.

Kesi ya madai. Unataka fidia, malipo au tamko la haki zako. Ukomo unatoka kwenye Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89: mkataba miaka 6, madhara kama ajali au uzembe miaka 3, kurejesha ardhi miaka 12.

Kuna mtego ndani yake. Jedwali la sheria hiyo linaanza na kipengele kinachotoa mwaka 1 tu kwa dai la fidia linalotokana na jambo lililofanywa, au lililoachwa kufanywa, kwa madai ya kutekeleza sheria iliyoandikwa. Halmashauri karibu kila inachofanya itasema ilikuwa inatekeleza sheria: sheria ndogo za usafi, sheria ya mipango miji, sheria ya ujenzi. Ukibomolewa kibanda, hoja hiyo itakuja. Ushauri wangu ni mmoja: kwa ubomoaji, kukamatiwa mali na kufungiwa biashara, jihesabie mwaka mmoja, si mitatu. Ukiwahi, huna cha kupoteza.

Mapitio ya mahakama. Unataka uamuzi ufutwe, au chombo kilazimishwe kutimiza wajibu wake. Mfano: umenyimwa kibali bila kusikilizwa, au leseni imefutwa kwa barua ya mistari miwili. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2014, unaomba kwanza kibali cha Mahakama Kuu ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Ukipewa kibali, una siku 14 za kuleta maombi yenyewe. Muda huu hausubiri mazungumzo yako na ofisi ya mkurugenzi, na wengi wanaupoteza wakiwa kwenye benchi la mapokezi wakiambiwa "njoo wiki ijayo."

Njia nyingine zina milango yake. Mtumishi aliyefukuzwa na halmashauri aanze na rufaa za utumishi wa umma. Mzabuni anayelalamikia jinsi zabuni ilivyotolewa aanze na taratibu za rufaa za ununuzi. Kuruka mlango huo ni pingamizi jingine tayari.

Anayedai fidia ya ardhi iliyotwaliwa ashike tarehe mbili. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu uthamini kuidhinishwa na Mthamini Mkuu, na baada ya hapo riba inaanza. Uthamini usiolipwa hufa baada ya miaka 2. Omba kwa maandishi tarehe ya idhini hiyo, kwa sababu hesabu yako yote inasimama juu yake.

Utajua umefaulu ukiwa na tarehe ya mwisho imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye jalada la faili. Rudi nyuma miezi minne kutoka tarehe hiyo. Hapo ndipo notisi inapaswa iwe imeshaondoka.

## Hatua ya 3: Andika notisi ya siku 90

Hii ndiyo hatua inayoua kesi nyingi. Zamani halmashauri ilipewa siku 30, na wapo wanaoendelea kunakili notisi za zamani. Tangu marekebisho ya 2020 ni siku 90, na lazima nakala ifike kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Hizo ni ofisi mbili tofauti. Ya kwanza ndiyo inayounganishwa kwenye kesi, ya pili ndiyo inayosimama mahakamani kutetea.

Notisi haihitaji maneno makubwa. Inahitaji msingi wa dai uonekane wazi, kiasi kwamba mwanasheria wa halmashauri akiisoma ajue afungue faili lipi. Mfano wa umbo lake:

> Jina lako, S.L.P., simu
> Tarehe
>
> Mkurugenzi,
> Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam,
> S.L.P. …, Dar es Salaam.
>
> YAH: NOTISI YA SIKU TISINI YA KUSUDIO LA KUFUNGUA SHAURI
> (chini ya Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288)
>
> 1. Mimi ni mmiliki halali wa nyumba iliyopo Mtaa wa …, Kata ya …, yenye leseni ya makazi namba ….
> 2. Tarehe … saa … asubuhi, watumishi wa halmashauri yako wakiongozwa na … walibomoa nyumba hiyo.
> 3. Sikupewa ilani ya kubomoa, wala nafasi ya kujieleza.
> 4. Kutokana na kitendo hicho nimepata hasara ya Sh. …, kwa mchanganuo ulioambatishwa.
> 5. Nakutaka, ndani ya siku tisini tangu kupokea notisi hii, unilipe kiasi hicho na ….
> 6. Usipotekeleza, nitafungua shauri Mahakama Kuu dhidi ya halmashauri, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali ataunganishwa, kwa gharama zako.
>
> Sahihi
>
> Nakala: Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Dodoma; Wakili Mkuu wa Serikali, Dodoma.

Kila utakachodai mahakamani kiwemo hapa. Ukiandika fidia ya nyumba tu, kisha kwenye kesi ukaongeza mali za ndani na hasara ya biashara, umempa wakili wa upande wa pili kitu cha kushika.

Onyo kwa mnaodai kwa pamoja. Wakazi 80 wa mtaa mmoja hawawezi kuandika "sisi wananchi wa mtaa" na mwenyekiti akasaini. Notisi itaje majina yote na kila mmoja asaini. Mkitaka wachache wawawakilishe wengine kwenye kesi, lazima kwanza muombe kibali cha mahakama cha kesi ya uwakilishi. Kesi za vikundi zinaanguka sana hapa, na inauma zaidi kwa sababu wanaoanguka ni wengi kwa mpigo.

## Hatua ya 4: Ipeleke, na ushike ushahidi kwamba imefika

Notisi isiyothibitika kupokelewa ni sawa na notisi isiyoandikwa.

Halmashauri: peleka kwa mkono, masjala. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokea wenye tarehe, na jina la aliyepokea lisomeke. Usikubali "acha hapo mezani". Ukikataliwa muhuri, usigombane. Nenda Posta siku hiyo hiyo utume kwa EMS, kisha andika pembeni jina la ofisa aliyekataa na saa.

Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wana makao makuu Dodoma. Tuma kwa EMS kila mmoja bahasha yake, utunze risiti na namba ya ufuatiliaji, na uchapishe ukurasa unaoonyesha bahasha imepokelewa. Mwenye ndugu Dodoma amtumie apeleke kwa mkono, ni bora zaidi.

Aliyepeleka aandike maelezo mafupi siku ile ile: alikwenda ofisi gani, akamkuta nani, saa ngapi. Maelezo hayo yatageuka kiapo pakitokea ubishi.

Namna ya kuhesabu. Anza siku inayofuata tarehe ya mwisho kupokelewa kati ya zile tatu. Tuseme halmashauri ilipokea Februari 24, lakini Wakili Mkuu akapokea Machi 3. Siku ya kwanza ni Machi 4. Machi inakupa siku 28, Aprili 30, Mei 31, jumla 89. Siku ya 90 ni Juni 1. Kufungua Juni 1 ni mapema mno. Juni 2 inaruhusiwa, nami ningengoja Juni 5 ili pasiwe na la kubishania.

Utajua umefaulu ukiwa na nakala moja ya notisi yenye uthibitisho wa ofisi zote tatu.

## Hatua ya 5: Tumia siku 90 vizuri

Lengo la notisi ni kuipa serikali nafasi ya kumaliza jambo bila kesi, na mara nyingine inatokea. Ofisa sheria wa halmashauri anaweza kukuita. Nenda, usikilize, usikasirike. Baada ya kikao mwandikie barua: "Kama tulivyozungumza tarehe …, mlisema …." Ahadi ya mdomo haina uzito, wala haisimamishi ukomo wa muda. Usisaini karatasi inayosema umepokea malipo yote kama hujayapokea yote.

Tingatinga likiwa linakuja wiki ijayo huwezi kungoja siku 90. Hapo mawakili huomba kile wanachokiita zuio la Mareva: ombi la dharura Mahakama Kuu, lenye kiapo na nakala ya notisi, la kuomba hali ibaki ilivyo mpaka notisi iishe na kesi ifunguliwe. Mahakama hupima vigezo vitatu vilivyowekwa tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969: kuna jambo zito la kuamuliwa, utapata madhara yasiyofidika kwa fedha, na usumbufu wako ni mkubwa kuliko wa upande wa pili.

Wakili wa serikali atapinga akisema Sura ya 5 inazuia amri za zuio dhidi ya serikali. Ni hoja nzito, kwa hiyo hatua hii usiifanye peke yako. Kama una fedha za wakili za siku moja tu katika safari yote, zitumie hapa. Thibitisha kwanza leseni yake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Vishoka wapo, na huwawinda hasa watu walio kwenye taharuki.

Asiye na uwezo aombe msaada wa kisheria chini ya sheria ya mwaka 2017. Mashirika ya msaada wa kisheria kama LHRC, TAWLA na WLAC yamefanya kazi hii miaka mingi, na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wako hadi kwenye kata. Msaidizi wa kisheria atakusaidia kuandaa nyaraka, lakini hatakusimamia mahakamani.

## Hatua ya 6: Andaa hati ya madai

Hati ya madai inataka: jina la mahakama, wadaawa (yaani mdai na wadaiwa) na anwani zao, ukweli unaozaa dai na siku dai lilipozaliwa, maelezo yanayoonyesha mahakama ina mamlaka, thamani ya dai, na unachoomba. Aya ziwe na namba, kila aya jambo moja.

Mambo manne ya kukagua kabla ya kusaini:

1. Wadaiwa. Wa kwanza Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, wa pili Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kumwacha wa pili kunabatilisha mwenendo mzima, sheria yenyewe inasema hivyo. Wakili Mkuu haunganishwi kama mdaiwa.
2. Aya ya notisi. Andika kwamba notisi ya siku 90 ilitolewa tarehe fulani, ilipokelewa na nani na lini, na muda umekwisha. Ambatisha. Wapo waliotoa notisi safi kabisa wakasahau kuitaja.
3. Maelezo ya ardhi. Kama dai ni la ardhi, mahakama iweze kuitambua kwa kusoma tu. Iliyopimwa: kitalu, namba ya kiwanja, hati. Isiyopimwa: mtaa, ukubwa, majirani wa pande zote nne, alama za kudumu. "Shamba langu lililopo Chanika" haitoshi, na shauri linaweza kufutwa kwa hilo peke yake.
4. Uthibitisho. Mwishoni unathibitisha aya zipi ni kweli kwa ujuzi wako na zipi kwa taarifa ulizopewa, kisha unasaini na kuweka tarehe na mahali.

Lugha: tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Andika kwa Kiswahili sanifu bila hofu.

Ukitaja namba za vifungu, tazama toleo lililopo sasa. Sheria zimetolewa upya katika Toleo la 2023, na baadhi ya namba zimesogea. Tovuti ya TanzLII inaweka sheria na hukumu bure. Tafuta humo hukumu mbili tatu zenye maneno "notisi ya siku tisini", usome jinsi wenzako walivyoanguka.

## Hatua ya 7: Fungua Mahakama Kuu, si kwingine

Dai dhidi ya halmashauri hufunguliwa Mahakama Kuu ya eneo tukio lilipotokea, hata kama unadai Sh. 800,000. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halina mamlaka, wala Mahakama ya Wilaya, wala ya Hakimu Mkazi. Naiona kuwa sheria ngumu kwa mama lishe aliyevunjiwa meza, na ningependa ibadilike. Mpaka ibadilike, mlango ni huo.

Ukitoka baraza la ardhi baada ya kesi kuondolewa, usikate tamaa. Kuondolewa kwa kukosa mamlaka hakufuti haki yako, na sheria ya ukomo inaruhusu, kwa masharti, muda uliotumika kwa nia njema kwenye mahakama isiyo na mamlaka uondolewe kwenye hesabu. Ila utoe maelezo hayo ndani ya hati mpya ya madai, usingoje kuulizwa.

Kufungua kunafanyika kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Unajisajili kwa namba ya NIDA, unapakia hati na viambatisho, unapata namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa benki au kwa simu. Hakikisha nyaraka zilizopigwa picha zinasomeka na kurasa hazikupinduka. Usipoweza, masjala ya Mahakama Kuu ina watumishi wa kusaidia. Nenda asubuhi.

Onyo. Pakia mapema kuliko siku ya mwisho, na ulipe siku hiyo hiyo. Hati iliyopakiwa bila ada kulipwa inakuingiza kwenye ubishi wa lini hasa kesi ilifunguliwa.

Utajua umefaulu ukipata namba ya shauri na hati za wito. Peleka wito na hati ya madai kwa halmashauri na kwa Mwanasheria Mkuu, kwa uangalifu ule ule wa Hatua ya 4.

## Hatua ya 8: Pingamizi, usuluhishi, ushahidi

Tarajia maelezo ya utetezi yakiwa na pingamizi la awali juu yake, yaani hoja ya kisheria ya kutaka kesi iondolewe kabla ya ushahidi kusikilizwa. Ni kawaida, usishtuke. Lisome ujue linasema nini: notisi, mamlaka, muda, wadaawa, au maelezo ya ardhi. Ukiwa umefuata hatua zilizotangulia, jibu lako liko kwenye viambatisho tayari.

Ukiona pingamizi lina ukweli, kwa mfano ulihesabu siku vibaya ukafungua siku ya 88, ongea na mwanasheria kuhusu kuiondoa kesi mwenyewe kwa ruhusa ya mahakama ya kuifungua upya. Ni afadhali kuliko kubishana miezi sita kisha uondolewe na kulipishwa gharama.

Baadaye shauri litapelekwa kwenye usuluhishi mbele ya msuluhishi. Nenda na kiwango cha chini utakachokubali, kimeandikwa. Makubaliano yakifikiwa, yasajiliwe mahakamani yawe tuzo, yaani amri rasmi ya mahakama, yasibaki barua ya nia njema.

Usuluhishi ukishindikana, unakuja ushahidi. Leta nakala halisi. Mashahidi waseme walichoona, si walichosikia. Usikose tarehe hata moja bila taarifa, maana kesi ya madai hufutwa kwa mdai kutohudhuria.

## Hatua ya 9: Umeshinda, sasa ulipwe

Hapa wengi wanakosea kwa furaha. Wanatafuta dalali wa mahakama akamate magari ya halmashauri. Haiwezekani: mali za serikali, na tangu 2020 za halmashauri pia, hazikamatwi kukazia hukumu.

Utaratibu ni huu. Omba mahakama nakala ya hukumu na ya tuzo mapema, kwa maandishi. Kisha omba hati ya uthibitisho wa amri chini ya Sura ya 5, inayoonyesha kiasi unachostahili kulipwa pamoja na gharama. Ipeleke kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Mkurugenzi, ambaye ndiye afisa masuuli wa halmashauri.

Ambatisha barua inayoomba deni liingizwe kwenye bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na makadirio hupangwa miezi mingi kabla, kwa hiyo hati inayofika Mei ina uwezekano mkubwa wa kungoja mwaka mzima. Mpe nakala diwani wa kata yako pia, maana bajeti inapita kwenye baraza lake.

Kimya kikizidi, kuna ombi la mandamus, yaani amri ya kumlazimisha afisa wa umma atimize wajibu alionao kisheria. Hilo ni mapitio ya mahakama, nalo lina saa yake ya miezi 6. Kwa hiyo siku unayopeleka hati ya uthibitisho, gongesha muhuri kwenye nakala yako na ufungue ukurasa mpya kwenye daftari la tarehe.